Bakteria "wapya" wa mwilini: maswali tunayoulizwa kila siku

Nimeandika ukurasa huu kwa sababu majibu haya nimeshayatoa sana, getini, kwa mama ntilie na kwenye magrupu ya WhatsApp, na kila mara nasahau kitu. Nafanya kazi kwenye maabara ndogo hapa Upanga, Dar es Salaam. Kazi yetu ni kuotesha bakteria wanaoishi kwenye ngozi na mdomoni mwa watu wazima wasioumwa, na kuangalia kama yupo ambaye bado hajaandikishwa. Maswali nimeyaacha jinsi watu wanavyoyauliza.

Mnasema "bakteria mpya". Ametoka wapi huyo?

Hajatoka popote. Yupo mwilini mwako tangu utotoni, na huenda alikuwa kwa bibi yako kabla yako. Upya wake ni wa kwenye daftari: hakuna aliyewahi kumtenga peke yake, kumchunguza, kumpa jina na kulitangaza kwa utaratibu unaokubalika. Ni kama mtu aliyezaliwa kijijini, akakua, akaoa, akazaa, lakini hana cheti cha kuzaliwa. Siku akienda kuomba cheti, hakuna anayesema kazaliwa leo.

Nasisitiza hili kwa sababu neno "mpya" linawatisha watu. Tangu korona, mtu akisikia kimelea kipya anawaza barakoa.

Mwilini mwangu wapo wangapi kwa jumla?

Kwa mwanaume mzima wa wastani, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanasema bakteria trilioni 38 hivi, wakati seli zake mwenyewe ni trilioni 30. Karibu sare. Ile habari ya kwamba wanatuzidi kumi kwa moja ilikuwa hesabu ya haraka ya miaka mingi nyuma, na bado inazunguka kwenye vitabu vya shule. Kwa uzito wote hawafiki hata robo kilo, maana kila mmoja ni mdogo mno. Wengi wao wako kwenye utumbo mpana. Ngozi ina sehemu ndogo tu.

Sampuli mnachukuaje? Inauma?

Haiumi. Ni kijiti chenye pamba kwenye ncha. Tunakilowesha kwenye maji ya chumvi yaliyotakaswa, tunasugua kwapani, nyuma ya sikio, kitovuni, puani au kwenye ufizi, halafu kinarudi kwenye mrija wake. Tunaomba usipake dawa ya kwapa asubuhi hiyo, na usioge muda mfupi kabla ya kuja. Ombi hili la pili ndilo gumu kuliko yote kwa mkazi wa Dar mwezi wa pili, na sijawahi kumlaumu mtu aliyekiuka.

Kijiti kikifika ndani, tunakipaka kwenye pleti, yaani sahani ya plastiki yenye mfuniko, ndani yake kukiwa na chakula kilichogandishwa kwa agari. Agari inatokana na mwani. Wageni wengi hudhani ni ule unaolimwa Paje na Jambiani. Siyo, ule wa Zanzibar hutoa karajinani, ambayo ni ndugu yake na hutumika zaidi viwandani kuzitia uzito maziwa na dawa ya meno. Aliyependekeza agari itumike maabara ni Fanny Hesse, mwaka 1881, baada ya mumewe kusumbuka na jelatini iliyokuwa ikiyeyuka kiangazi cha Ujerumani. Jelatini ile ingeletwa hapa Upanga ingekuwa uji kabla ya saa nne asubuhi.

Pleti moja tunaiweka hewani kwa nyuzi 37. Nyingine tunaitia kwenye chombo kisicho na oksijeni kabisa. Ya tatu inaingia kwenye kopo lenye mshumaa: unapanga pleti, unawasha mshumaa juu yake, unafunika kopo lisipitishe hewa, unasubiri moto uzimike wenyewe. Mshumaa ukizimika umeacha hewa yenye kabonidayoksaidi ya kutosha kuwafurahisha wale wasiopenda hewa ya kawaida. Ni mbinu ya kizamani, ya bei ya mshumaa wa dukani, na haijali kama umeme umekatika.

Sasa mnajuaje huyu si yuleyule anayejulikana?

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo nivumilie.

Unaanza kwa macho. Baada ya siku moja au mbili pleti inakuwa na vidoti. Kila kidoti ni koloni, yaani mamilioni ya bakteria waliotokana, tuseme, na mmoja. Kuna vyeupe vinavyong'aa kama tone la rangi ya ukuta, vya njano, vya kijivu vilivyokauka kama makombo ya mkate. Unavichokoa kimoja kimoja kwa kitanzi cha waya uliochomwa moto, unakipaka kwenye pleti mpya, na unarudia hadi pleti nzima iwe na sura moja. Ukikosea hapa, yote yanayofuata ni bure. Nitaeleza chini jinsi nilivyokosea.

Kisha unapaka kwenye kioo na kutia rangi kwa njia ya Gram, ambayo Mdenmaki Hans Christian Gram aliitangaza mwaka 1884: zambarau, iodini, kusuuza kwa spiriti, halafu rangi nyekundu. Waliobaki zambarau ni kundi moja, waliogeuka pinki ni kundi lingine. Unawaona kwenye hadubini kama ni duara au fimbo, kama wamekaa mafungu kama zabibu au wamepangana kama shanga. Unadondosha tone la haidrojeni peroksaidi uone kama linatoa povu. Haya yote hayakupi jina. Yanakupa ukoo.

Jina linatafutwa kwa mashine. Hospitali kubwa siku hizi zina mashine inayopiga koloni kwa leza na kupima uzito wa protini zake. Kwa dakika chache inakupa picha ya milima na mabonde, kama alama ya kidole, na kuilinganisha na alama zilizo kwenye hazina yake. Ikiwa bakteria wako hayumo kwenye hazina, mashine inasema haimtambui. Wanafunzi wetu hapo huanza kushangilia. Mimi huwaambia wakae chini. Mashine kutokumtambua mtu maana yake ni kwamba haijawahi kutambulishwa kwake, basi.

Hatua inayofuata ni kusoma jeni iitwayo 16S. Kila bakteria anayo, kwa sababu inahusika na kiwanda chake cha kutengeneza protini, na inabadilika polepole sana. Ni Carl Woese na George Fox, mwaka 1977, walioonyesha kwamba kwa kulinganisha molekuli ya namna hii unaweza kupanga viumbe vyote kwenye mti mmoja wa ukoo. Jeni hii ina herufi kama 1,500. Unaisoma, unaifananisha na zilizohifadhiwa kwenye hazina za mtandaoni. Ufanano ukishuka chini ya asilimia 98.7 hivi, yaani herufi kama 20 zimetofautiana, una sababu ya kushuku kwamba ni spishi nyingine, yaani aina nyingine kabisa ya bakteria.

Nimesema kushuku. Ufanano ukiwa mkubwa haimaanishi ni spishi moja: yule anayeleta nimonia na jamaa yake asiye na makuu anayeishi mdomoni wanafanana kwenye 16S kwa zaidi ya asilimia 99, na daktari hawezi kuwatibu kama mtu mmoja. Kwa hiyo siku hizi lazima usome jenomu yote, yaani DNA yake nzima, herufi milioni mbili, tatu au zaidi, na kuilinganisha na jenomu za ndugu zake wa karibu. Wastani wa ufanano ukiwa chini ya asilimia 95 au 96, hao ni spishi mbili. Huo ndio mstari. Umechorwa na watu, unajadiliwa kila mwaka, lakini ndio tulio nao.

Mmewahi kukosea?

Mimi binafsi, ndiyo, na kwa kujiamini.

Nilipata koloni kutoka nyuma ya sikio la dada mmoja, la rangi ya krimu, lina ukingo mzuri. Nikalisafisha mara mbili badala ya mara tatu kwa sababu ilikuwa Ijumaa. Majibu ya 16S yakarudi hayafanani na kitu chochote duniani. Nikawaambia wenzangu. Nikamwambia hadi mke wangu. Bosi akachukua chati ya usomaji, akaikuza kwenye kompyuta, akanionyesha: kila baada ya herufi kadhaa vilele viwili vimekaa mahali pamoja. Walikuwa bakteria wawili wa kawaida kabisa, wameota wameshikana, na kompyuta imewasoma kama mmoja mwenye sura ya ajabu. Ni kama kupiga picha watu wawili mmoja nyuma ya mwingine ukatangaza binadamu mwenye mikono minne.

Kosa lingine linalowapata hata wakubwa ni uchafu wa kwenye vifaa. Kemikali za kutolea DNA huja na DNA yake zenyewe, ya bakteria wanaoishi kwenye maji na udongo. Sampuli ya ngozi ina bakteria wachache, kwa hiyo wale wa kwenye chupa wanaweza kuonekana wengi kuliko wa kwako. Ndiyo maana kila siku tunapitisha mrija mtupu, usio na sampuli yoyote, kwenye hatua zote. Chochote kinachoonekana kwenye mrija mtupu hakihesabiwi, hata kiwe kizuri namna gani.

Kwa nini mpaka leo kuna ambao hawajulikani? Watu wameanza kuangalia zamani.

Ni kweli, wameanza zamani. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, aliukwangua ukoga wa meno yake mwaka 1683, akauweka kwenye kioo chake na kuona viumbe vinacheza. Lakini kuona si kuotesha. Wengi wanahitaji chakula ambacho hatukijui, au wanafia kwenye oksijeni, au hawaoti bila jirani fulani wa kuwalisha.

Na wengine wanataka subira tu. Kule Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walijaribu kuotesha bakteria wa tumboni kwa muda mrefu bila mafanikio, kwa sababu pleti zilitupwa baada ya siku mbili kama kawaida ya maabara. Pasaka ya mwaka 1982 pleti zikasahaulika kwenye inkubeta, yaani kabati la joto la kuoteshea, siku zote za sikukuu. Waliporudi, ameota. Huyo ndiye leo anaitwa Helicobacter pylori, ambaye huwaletea watu vidonda vya tumbo, na ambaye ukienda hospitali hapa Dar na maumivu ya chembe ya moyo huenda ukapimwa. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Tangu niisome habari hii, situpi pleti kabla ya siku ya saba, na kila siku tunagombania nafasi kwenye inkubeta.

Wapo waliofanya subira hii kuwa mfumo. Marseille, Ufaransa, mwaka 2012, kikundi cha watafiti kiliotesha sampuli chache za choo kwa njia 212 tofauti, wakapata spishi nyingi ambazo hazikuwa zimeandikishwa. Mmojawapo anaitwa Alistipes senegalensis, kwa kuwa sampuli ilitoka kwa kijana wa Senegal.

Na wale wasiokubali kuota? Hao tunawajua kwa jenomu zao tu, zilizounganishwa na kompyuta kutoka kwenye vipande. Orodha ya bakteria wa utumbo iliyotolewa mwaka 2020 ilikusanya jenomu 204,938, ikapata spishi 4,644. Zaidi ya asilimia 70 kati yake hakuna aliyewahi kuziotesha.

Kwa nini kuchukua kwa watu wa hapa? Bakteria si walewale?

Wengi ni walewale. Staphylococcus epidermidis utamkuta kwenye ngozi ya mtu wa Temeke na ya mtu wa Chicago. Lakini hazina tunazolinganishia zimejazwa zaidi na sampuli za Ulaya, Marekani na Uchina, na hilo linaonekana ukianza kutafuta.

Mfano mzuri uko nchini kwetu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa uwindaji, mizizi, mabuyu na asali, wamechunguzwa utumbo mara kadhaa. Mwaka 2014 watafiti hawakuwakuta kwa watu wazima wale bakteria wa jenasi ya Bifidobacterium, ambao kwenye matangazo ya mtindi huitwa bakteria wazuri, na walikuwa na afya zao. Mwaka 2017 ikaonekana kuna makundi yanayofifia msimu wa mvua na kurudi kiangazi, kadiri chakula kinavyobadilika. Mwaka 2023 ukatoka uchambuzi wa kina, wa Wahadzabe pamoja na watu wa Nepal na California wa kulinganishia, uliopata jenomu 91,662 za bakteria, virusi wao na vijidudu vingine. Asilimia 44 hazikuwemo kwenye hazina zilizokuwepo. Nasema bila kificho: inaniuma kwamba kazi nyingi ya namna hii inasomwa nje halafu sisi tunaisikia kwenye majarida.

Ngozi ya mtu wa Pwani, yenye jasho na unyevu mwaka mzima, imechunguzwa kidogo mno ukilinganisha na utumbo. Kitovu chenyewe ni dunia. Huko North Carolina, Marekani, walipangusa vitovu vya watu 60, wakapata aina 2,368 za bakteria, na hakuna hata moja iliyokuwa kwa watu wote.

Nikiambiwa nina bakteria asiyejulikana, naumwa? Ninywe antibayotiki?

Hapana, na hapana. Tafadhali usiende duka la dawa na karatasi yetu. Kuwepo si kuumiza.

Kuna hata wanaokutetea. Staphylococcus lugdunensis anaishi puani mwa baadhi ya watu, na mwaka 2016 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walionyesha kwamba anatengeneza kemikali inayoua Staphylococcus aureus, hata yule sugu wa dawa. Bakteria huyohuyo akiingia kwenye damu anaweza kuharibu vali za moyo. Puani mlinzi, moyoni jambazi. Kwa hiyo swali la "mzuri au mbaya?" siku zote tunalirudisha: yuko wapi, na kwa nani?

Sabuni zinazosema zinaua asilimia 99.9?

Nawa mikono, sabuni ya kawaida inatosha. Hizo asilimia zinapimwa maabara, si kwapani mwako.

Jina anatoa nani? Naomba aitwe kwa jina langu.

Anayemgundua ndiye anayependekeza, lakini kuna kanuni za kimataifa. Jina liwe na sehemu mbili, lifuate sarufi ya Kilatini, na si ustaarabu kujipa jina lako mwenyewe. La mtu mwingine linakubalika kwa heshima, na la mahali ni la kawaida sana: lugdunensis ni Lugdunum, jina la kale la mji wa Lyon.

Jina peke yake halitoshi. Lazima bakteria aliye hai awekwe kwenye benki mbili za bakteria, katika nchi mbili tofauti, ili mtu yeyote aweze kumwagiza na kukuhakiki. Kisha maelezo yachapishwe, na jina lithibitishwe kwenye jarida moja maalumu. Tangu 2022 kuna utaratibu wa pembeni unaokubali jenomu badala ya bakteria hai, kwa ajili ya wale wasioota, lakini haujapokewa na kila mtu.

Wengine huniuliza kama mji hautaaibika kupewa bakteria. Shirika la Afya Duniani liliomba mwaka 2015 magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali, na sawa. Huyu si ugonjwa. Tena nchi hii imeshaupa ulimwengu jina la ugonjwa bila kutaja mahali: chikungunya, neno la Kimakonde la mtu aliyejikunja kwa maumivu, tangu mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika.

Sampuli yangu itapelekwa nje? Mtauza DNA yangu?

Swali zuri, na usione haya kuliuliza kabla ya kutia sahihi. Utafiti wowote wa afya unahitaji kibali cha maadili, na kwa ngazi ya taifa kinapitia NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Fomu ya ridhaa lazima iwe kwa Kiswahili unachokielewa, na una haki ya kujitoa bila kutoa sababu. Kitu chochote kikisafirishwa nje lazima kuwe na mkataba unaosema kinaenda kwa nani, kufanya nini, na kitarudi au kitaharibiwa. Kwenye pamba kuna seli zako pia. Sisi tunazifuta kwenye data kabla ya kuhifadhi. Ukikutana na mtu anayekusugua kijiti bila karatasi, mnyime.

Naweza kujaribu nyumbani?

Usioteshe. Kitu kilichotoka mwilini kikikaa siku tatu kwenye joto kinakuwa kingi, na hujui umezidisha nini. Ila kulinganisha jeni kwenye hazina za mtandaoni ni bure, hata kwa simu, na mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kujifunza jioni moja.

Yule bakteria wa kitovu cha mlinzi aliishia wapi?

Hili linaulizwa na watu wa jengo letu tu, lakini wananiuliza kila siku kwa hiyo nalijibu hapa.

Mzee wetu wa getini alijitolea sampuli wa kwanza kabisa. Kitovuni mwake tulipata koloni dogo la njano hafifu lililochukua siku tano kuota, na mashine haikulitambua. Tukaliandika K-17. Nikamsafisha mara nne safari hii. 16S ikatoa asilimia 98.2, chini ya ile 98.7. Kila asubuhi nikimwamkia, "Shikamoo mzee," anaitikia marahaba halafu, kabla sijasaini daftari, "Vipi, mtoto anaendeleaje?"

Mwezi uliopita, nikiandaa kumtuma akasomwe jenomu, nikagundua nakala ya hazina kwenye kompyuta yetu ilikuwa ya zamani. Nikalinganisha upya na orodha mpya ya mtandaoni: asilimia 99.8. Kuna watu wameshamwandikisha, na benki mbili wameshampeleka.

Nilishuka getini kumwambia mzee. Alisikiliza, akafikiri kidogo.

"Kumbe ana kwao," akasema. Halafu akaanza kufungua vifungo vya shati. "Basi leo chukua kwapa."